Kiwiko Kisichosikia Moto

Likoni. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Mvua imeanza tangu alfajiri na haina haraka. Ni ile mvua ndogo ndogo inayolowesha makuti mpaka yakaanza kunuka. Nyumba imenyamaza. Nimezoea kusikia kitanda cha mke wangu, Mwanakombo, kikilia kila akijaribu kujigeuza, na leo hakuna kitanda. Pale kilipokuwa pamebaki alama za miguu yake sakafuni, na mimi nimekaa mkekani nazitazama kama mtu aliyeibiwa.

Sikuibiwa. Kitanda kile nilikibeba kwa mikono yangu mwenyewe.

Naandika kwa kuwa sitaki kusema. Nikisema barazani watu watanionea huruma, na huruma ya watu siipendi tangu zamani. Herufi hizi nilijifunza ukubwani, kwa kusoma majina ya meli yaliyopakwa rangi nyuma yake, bandari baada ya bandari, mpaka siku moja nikajikuta nasoma. Hakuna mwalimu aliyenichapa. Nikikosea, kosa ni langu peke yangu.

Mimi ni Bakari mtia makaa. Kutoka hapa kivukoni mpaka Mtongwe hakuna asiyenijua, na asiyenijua amehamia juzi. Ujana wangu wote nilizunguka na meli za moshi, nikilisha tanuri kwa koleo, na katika meli moja nilipangwa zamu na mtu wa visiwa vya kusini mwa Ujapani. Mfupi, mwembamba, shingo kama ya kuku. Mabaharia walikuwa wakimcheka. Siku moja mlevi mmoja alimvamia, na yule mfupi hakukunja hata ngumi. Alimpiga kwa kitako cha kiganja, hapa chini ya kidevu, mara moja tu, na mlevi akalala kama gunia la mchele. Kesho yake nilimwendea nikamwambia, nifundishe. Mchezo wake aliuita karate. Mimi nilimwita yeye Fundi, mpaka siku tulipoachana.

Fundi alinionyesha kwamba ngumi ni mwanzo tu, na watu wengi huishia pale pale mwanzoni. Hata hiyo ngumi, usipige kwa vidole vyote. Piga kwa vifundo viwili vikubwa, cha shahada na cha kati, maana hivyo vimenyooka na mfupa wa mkono. Ubavu wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, huo ni wa shingo na mtulinga. Kitako cha kiganja ni cha kidevu na pua. Mtu akikusogelea mpaka ngumi ikakosa nafasi, hapo ndipo penye kazi ya kiwiko, na kiwiko nilikipenda kuliko vyote. Akikukumbatia, goti. Akiwa mbali, mguu, lakini si wayo mzima: inua vidole, piga kwa ile nyama ngumu iliyo chini yake. Akiwa nyuma yako, kisigino. Niliujua mwili wangu upya, kama mtu aliyehamia nyumba kubwa, kila siku anafungua chumba kingine.

Lakini kujua mahali pa kupigia hakutoshi. Sharti mahali hapo pafanywe pagumu.

Nilipoachana na bahari nikarudi Likoni, nilichimbia nguzo uwani nikaifunga kamba ya makumbi ya nazi. Kila asubuhi kabla ya chai niliipiga: vifundo, ubavu, kitako, kiwiko. Vidole nilivichoma kwenye ndoo ya mchanga, baadaye ya choroko, baadaye ya kokoto. Ngozi ikachubuka, ikapona, ikachubuka tena, mwisho ikaota sugu. Kiwiko changu kikawa kama kisiki. Nikikigonga mezani, wageni hugeuka kutazama mlango wakidhani pana mtu apiga hodi.

Wakati wa vita, Mjapani alipokuwa adui wa Mwingereza, jina la karate nilinyamaza nalo. Aliyeniuliza nilimwambia huu ni mchezo wa Likoni. Askari wa manowari pale Mtongwe wao hawakuuliza jina. Walinipa nazi iliyofuliwa makumbi, nikaiweka juu ya jiwe, nikaipasua kwa ubavu wa kiganja mpaka maji yakawarukia nguo zao nyeupe. Wakapiga makofi, wakanipa sigara, na mimi sivuti.

Mwanakombo hakuvutiwa hata kidogo. Kila asubuhi aliniita kwa maneno yale yale, kutoka jikoni.

"Umekwisha kupigana na mti? Njoo basi unywe chai, mti haukimbii."

Na nikichelewa: "Au leo umekushinda?"

Mkono wangu haujamgusa kwa ubaya tangu nimuoe. Hilo naliapia. Wallahi, hata siku niliyokasirika mpaka nikaenda kulala msikitini, mkono wangu ulibaki kwenye nguzo.

Ramadhani iliyopita kiharusi kilimwangusha jikoni, mkono mmoja ungali ndani ya sufuria ya uji. Upande wa kulia wote ukafa, tangu uso mpaka unyayo, na ulimi ukafungwa. Binti yetu, Mwanaisha, aliyeolewa Kisauni, alitaka kumchukua siku ile ile. Nilikataa. Alitaka kuniletea mtu wa kusaidia. Nilikataa pia. Mke ni wangu, nilimwambia, na mikono ninayo.

Kwa mwanzo nilimruhusu Bi Rukia tu. Bi Rukia ni mkandaji, anakanda wazazi na wagonjwa upande wetu huu tangu nywele zake nyeusi. Huchemsha maji na majani ya mwarobaini na kivumbasi, akachovya kitambaa, akakikamua, akamkanda mgonjwa nacho kiungo kwa kiungo, ili damu ipate njia. Nilikaa pembeni nikamtazama siku nyingi. Kazi ya mikono hainishindi. Nilipoona nimeshaijua, nilimwambia ahsante sana, kuanzia kesho nitakanda mwenyewe.

Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni.

"Bwana Bakari, huyu si ile nguzo yako."

"Najua, Bi Rukia."

"Haya. Basi nisikize. Maji usiyapime kwa kiganja. Viganja vya nyinyi wanaume vimekufa kwa kazi. Tia kiwiko. Kiwiko kikisema ni moto, ni moto."

Nikasema nimesikia.

Wanawake wa kisimani walifurahi sana. Walikuwa wakiniona naanika leso za Mwanakombo, nalowesha nguo, nachota maji, nao wakapata la kusema.

"Mama Bakari, leo wapika nini?"

"Nipikalo mimi nyinyi lawashinda," niliwajibu, na nikapita na ndoo zangu mbili, moja kila mkono, bila kupinda mgongo, ili waone.

Kwa hakika nilikuwa nimejivuna. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza, nilimkanda asubuhi na jioni. Nilijiambia kwamba nguvu zote zile nilizozitafuta duniani, kumbe nilikuwa nawekewa kwa ajili ya kazi hii. Hata nguzo nikaacha kuipiga.

Sasa nifike Jumatatu. Nimezunguka muda mrefu kwa kuwa sitaki kufika.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa kama hii ya leo. Nilichemsha maji, nikayaepua, nikayamimina kwenye karai. Moshi niliuona ukipanda, lakini asubuhi ya baridi maji yoyote hutoa moshi. Nikafanya nilivyoambiwa. Nilikunja mkono wa shati, nikatia kiwiko mpaka kikazama. Nikangoja. Nikasikia uvuguvugu, ule wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikasema, alhamdulillahi, leo nimeyapatia.

Nikachovya kitambaa, nikakikamua kwa mikono hii, nikamfunika mguu wa kulia kuanzia gotini kwenda chini. Nikakaa pembeni ya kitanda nikaanza kumpigia hadithi ya Fundi, jinsi alivyokuwa akilala na ndoo yake ya kokoto miguuni kwa kuogopa wezi wa melini. Hadithi hiyo ameisikia tangu yu mwari. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Nikachovya tena, nikarudia tena. Nikaongeza maji. Nikaongeza hadithi.

Nilipokiinua kile kitambaa, ngozi ilikuja nacho.

Hakupiga kelele. Mguu ule hausikii. Alikuwa bado ananitazama usoni, angali na lile tabasamu la upande mmoja, anangoja mwisho wa hadithi. Kiwiko kisichosikia kilikutana na mguu usiosikia, na katikati yao mke wangu aliungua pasi na mtu kujua. Mimi nilikuwapo. Yeye alikuwapo. Hakuna aliyejua.

Nilitoka mbio mvuani bila kofia kwenda kwa Bi Rukia. Alikuja na chupa ya asali, akamfunika mguu kwa kitambaa safi, akamtuma mtu kumwita dresa wa zahanati, yule afungaye vidonda. Kisha akanivuta mpaka uwani, chini ya upenu.

"Nilikwambia kiwiko!"

"Nilitia kiwiko!"

"Muongo wewe."

"Bi Rukia, mimi mambo mengi utaniita, muongo hutaniita. Nilitia kiwiko."

Akaingia jikoni akatoka na sufuria ya maji yaliyosalia, bado yatoka moshi. Bi Rukia ni mkubwa wangu kwa umri na kwa hasira alisahau haya zote. Akanishika mkono kama anavyoshikwa kuku wa kuchinjwa, akachota kwa kata, akamimina juu ya kiwiko changu.

"Wasikia nini?"

"Vuguvugu."

Akachovya ncha ya kidole chake mwenyewe ndani ya sufuria, akakitoa upesi akakitia kinywani. Akanitazama. Hasira ikaanza kumtoka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akamimina tone kwenye vifundo. Hapa? Hapana. Ubavu wa kiganja. Hapa? Hapana. Kitako. Ncha za vidole. Akaenda mahali kwa mahali, polepole, na kila alipouliza nilijibu lile lile, na njia aliyoipita ni ile ile aliyonifundisha Fundi, ila Fundi kila tulipofika mahali alinisifu.

"Bwana Bakari," akasema mwisho, kwa sauti ya chini, "wewe umebaki na koleo mbili."

Hakuwa akinitania.

Bi Rukia ndiye aliyepeleka habari Kisauni. Simlaumu. Jana Jumatano baada ya adhuhuri nilisikia hodi, na alikuwa Mwanaisha na mumewe Salim, wamelowa wote wawili. Salim auza nazi soko la Kongowea, kijana mpole, mwenye kuuma maneno. Walinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Kisha Mwanaisha akaenda moja kwa moja akafunua mguu wa mamake.

Akaufunika tena. Amenirithi mimi, akikasirika hanyanyui sauti, huishusha.

"Baba, nimekuja kumchukua mama."

"Wewe umekuja kumtazama mama. Umemtazama. Kunywa chai."

"Sitaki chai."

"Basi mpe mumeo."

Salim akasema yeye pia ahsante, ameshakunywa. Nikamwambia hakuna mtu aliyekunywa chai akashindwa kunywa nyingine, akae. Akakaa.

"Baba," akasema Mwanaisha, "ungemkanda kwa hicho kiwiko tena leo?"

Nikaushusha mkono wa shati.

"Na kesho? Ukimpa uji, wajua kama ni moto? Wapima na nini?"

"Nitaonja."

"Maji ya kuoga utayaonja pia? Karai zima?"

Salim akakohoa, nadhani alikuwa akizuia kicheko, kisha akaona haya akatazama chini. Mimi nilisimama. Nilisema maneno ambayo si lazima niyaandike. Nilisema hii nyumba niliijenga mimi, na mke huyu aliingia humu kwa miguu yake, na hakuna mtu wa Kisauni atakayekuja kunionyesha mlango wangu. Mwanaisha akangoja nimalize, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke.

"Basi njoo na wewe," akasema. "Chumba kipo. Mkae wote."

"Nikale kwa mkwe? Nikanawe mikono kwa mkwe?"

"Baba, karibu sana," akasema Salim. "Wallahi nitafurahi."

"Utafurahi leo. Mimi sijawahi kulala nyumba ya mkwe, na baba yangu hakulala nyumba ya mkwe. Nitapita na kanzu yangu kwenye uwanja wa mtu nikitafuta choo? Ati Bakari!"

Hapo Mwanaisha akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Tumuulize mwenyewe."

"Atajibuje? Hasemi."

"Huniminya mkono. Kwa ule wa kushoto. Akitaka kusema ndiyo, huminya. Hata Bi Rukia huminywa vivyo hivyo. Tangu Idi, baba. Hukujua?"

Nilikaa chini.

Kila jioni, baada ya kumlisha, huwa naushika ule mkono wa kushoto. Namuuliza. Umeshiba? Wasikia baridi? Nikufungulie dirisha? Na taa ikishapunguzwa namuuliza mambo mengine, ambayo mtu wa umri wangu humuuliza mkewe akiwa hana wa kumsikia. Waniona? Umenichoka? Hakuwahi kunijibu. Nikadhani amekasirika nami kwa ajili ya miaka ya baharini, au amechoka na sauti yangu, au kiharusi kimemwondoa na kilichobaki ni mwili tu. Usiku mwingine niliuweka mkono wake chini kwa ghadhabu na kugeukia ukutani. Kumbe huenda alikuwa akinijibu. Huenda kila swali alilijibu, akiminya na kuminya kwa vile vidole vyake, juu ya sugu zangu.

Nilitazama tu mikono yangu, nayo ilikuwa imetulia magotini kama vitu vya mtu mwingine.

Mwanaisha hakuelewa. Alidhani nimekubali. Akauchukua mkono wa mamake akauweka ndani ya mkono wangu, ili nisiseme nimedhulumiwa.

"Mama," akasema, "wataka kubaki hapa na baba? Ukitaka, mminye."

Mkono wa Mwanakombo ni mdogo, ulipotea wote ndani ya wangu. Hapana aliyeweza kuuona. Mimi nilimtazama usoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa juu yangu na halikupepesa. Nikangoja. Nikasikia mvua, nikasikia Salim akivuta pumzi, nikasikia jogoo wa jirani akiwika wakati usio wake. Nikatafuta mkononi mwangu kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka kisimani. Sikupata kitu.

"Baba? Ameminya?"

Neno la ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Ni nani angenikatalia? Mwanakombo hasemi. Na mimi sikuwahi kushindwa mbele ya mtu katika nyumba hii.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo sikumbuki kulisema mbele ya watu. Mwanaisha alinitazama, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana uso wake ulibadilika ukawa wa kitoto, ule wa zamani alipokuwa akinikimbilia kivukoni nikirudi safari. Akauchukua ule mkono polepole kutoka kwangu, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, wataka kwenda Kisauni?"

Na papo hapo Mwanaisha akaanza kulia, kwa hivyo nilijua kwamba ameminywa.

Ningeweza kusema, muulize tena. Muulize kama alinijibu mimi kwanza. Ingekuwa kazi ya swali moja, na mkono wenye kusikia ulikuwapo pale pale. Mwanaisha aliniinulia macho, nadhani alikuwa akingoja niseme. Nilisema kitanda ni kizito, tutahitaji watu.

Leo asubuhi tulimbeba na kitanda chake mpaka kivukoni. Majirani walishika miguuni. Kichwani nilishika mimi peke yangu, na walipotaka kunisaidia niliwakatalia. Kwa kubeba bado sina mwenzangu Likoni. Bi Rukia alimfunika kwa leso mbili, na juu yake turubai, na wale wanawake wa kisimani walisimama kando ya njia. Hata mmoja hakunitania. Ningependa wangenitania.

Kwenye kivuko tulimweka pembeni pasipo na upepo. Ng'ambo Salim alikuwa ameweka lori la rafiki yake, wapite mjini, wavuke daraja la Nyali, wafike Kisauni kabla ya adhuhuri. Mwanaisha aliniambia, "Panda, baba." Nikasema nitakuja siku nyingine, nina kazi. Nilimrekebisha Mwanakombo leso shingoni. Nilifanya kwa ncha za vidole, kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa sikujua kama nakaza au nalegeza. Nilikuwa namtazama macho yake ili yaniambie.

Kisha nikashuka, kivuko kikaondoka.

Nimerudi nikasafisha nyumba. Nimefua. Nimepika uji kwa mazoea, nikakumbuka, nikaunywa mwenyewe. Sijui kama ulikuwa moto. Ulimi ulisema ndiyo.

Tangu adhuhuri nimekaa hapa mkekani nafanya jambo ambalo mtu akinichungulia atasema mzee ameshapotea. Najibonyeza. Nimechukua ncha ya kijiti nikajigusa mahali kwa mahali nikiwa nimefumba macho, nikitafuta palipobaki. Vifundo, hakuna. Ubavu, hakuna. Kiwiko nimekidunga mpaka kikatoa damu ndipo nikajua. Goti ni jiwe. Kisigino usiseme. Mbele ya mkono, pale ninapokingia mapigo, hakuna. Mahali waliponipiga watu na nilipopigia mimi, pote pamefungwa. Lakini ndani ya mkono, juu, karibu na kwapa, nilipogusa kwa kijiti nilishtuka. Na nyuma ya sikio. Na hapa ubavuni mwa shingo, pale Fundi alipokuwa akinionya kila siku nipalinde, maana hapafanyiki pagumu hata ufanyeje. Hapo unyoya ukinigusa nitajua.

Sikuwahi kupajali. Mtu hajivunii mahali pa kuumizwa.

Kesho ni Ijumaa. Nitaswali, kisha nitavuka. Nitapita mjini kwa miguu, nitavuka daraja, nitafika Kisauni nikiwa nimelowa, nitapiga hodi nyumba ya mkwe. Salim ataniambia karibu, nami nitaingia. Nitanawa mikono kwenye birika lake. Nitakula wali wake. Nikihitaji choo nitauliza kilipo, na kanzu yangu nitaishika. Wakicheka na wacheke.

Kisha nitaomba niachwe na Mwanakombo peke yetu. Nitapiga magoti karibu na kitanda, nitauchukua mkono wake wa kushoto, nitauweka shingoni pangu. Nitamuuliza swali lile lile la jana, kama alitaka kubaki nami, nisiongeze hadithi. Nitangoja.

Mimi Bakari, niliyesimama mbele ya visu katika bandari ambazo majina yake siwezi kuyaandika, nimekaa hapa naogopa vidole vya mwanamke mgonjwa. Siogopi kwamba sitajua. Hilo nimeshalizoea.

Naogopa kwamba kesho nitasikia.